Mapumziko kazini: waajiri wanaotaja ufanisi wamsome Lillian Gilbreth

Malalamiko ya kunyimwa mapumziko yanazidi kufika mezani kwetu maofisa kazi, na waajiri tukiwaita wana jibu moja: wanatafuta ufanisi. Naamini wengi wao wana nia njema. Ila neno hilo lina watu waliolitafiti maisha yao yote, na mmoja wao hakukubaliana kabisa na matumizi haya.

Lillian Moller Gilbreth alizaliwa Oakland, California, mwaka 1878. Mwaka 1904 aliolewa na Frank Gilbreth, mkandarasi aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa uashi. Frank alikuwa amegundua kwamba mwashi huinama chini kuokota kila tofali, akiinua na uzito wa mwili wake mwenyewe. Akatengeneza jukwaa linalopanda kadiri ukuta unavyopanda, matofali na chokaa vikakaa usawa wa mkono. Miondoko ya kulaza tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi takribani 5, na mwashi aliyekuwa akilaza matofali 120 kwa saa akafikia 350. Hakuna aliyeambiwa aongeze mbio. Hapo ndipo wasimamizi wetu wengi wanapopotea.

Lillian aliingiza saikolojia katika hesabu hiyo. Wataalamu wa enzi zake walimsimamia mfanyakazi kwa saa ya kupimia sekunde. Yeye akauliza huyu mtu anachoka wapi, anachoshwa na nini, na anaridhika na nini. Kitabu chake kuhusu saikolojia ya usimamizi kilitoka mwaka 1914. Mchapishaji alitaka jina liandikwe kwa herufi za mwanzo, L. M. Gilbreth, wasomaji wasijue mwandishi ni mwanamke. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Brown, huku akilea watoto.

Mwaka 1916 yeye na mumewe walichapisha utafiti wao juu ya uchovu. Mfano ninaoupenda humo ni wa wasichana waliokuwa wakikunja leso kiwandani. Saa yao iligawanywa vipande vya dakika 6: dakika 5 za kazi, 1 ya kupumzika. Vipande vingine walifanya kazi wameketi, vingine wamesimama. Leso zilizokunjwa kwa siku zilizidi mara tatu ya kiwango chao bora cha awali, na wasichana hawakuchoka kuliko zamani. Nawaomba mameneja waisome aya hii mara mbili.

Frank alifariki ghafla Juni 1924, akamwachia Lillian watoto 11. Baadhi ya viwanda vilikataa kuendelea na mikataba kwa kuwa mshauri aliyebaki ni mwanamke. Akafungua mafunzo nyumbani kwake, akahamishia utaalamu huo jikoni, akipanga jiko, sinki na meza ili mpishi asizunguke bure. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue kilimfanya profesa, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani. Alifariki mwaka 1972.

Sasa sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hiyo si hisani ya bosi. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi muda huo pale tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mfanyakazi mwingine wa kuishika. Ikitokea hivyo, muda huo unalipwa. Asipofanya kazi wala kutakiwa kuwa tayari, mwajiri halazimiki kuulipia; wafanyakazi nao waache kutuletea dai hilo. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki 4, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kati ya kutoka kazini na kuingia tena ziwepo saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24 za kupumzika.

Ofisa kazi anaruhusiwa kuingia mahali pa kazi kwa wakati unaofaa bila kutoa taarifa. Mwenye mgogoro wa aina hii anaupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, kwa Fomu Na. 1, na nakala anampatia kwanza mwajiri na kuweka uthibitisho kwamba imepokelewa. Siku zikipita ataanza kuomba kuongezewa muda, tena kwa sababu za msingi. "Sikujua" haihesabiwi kuwa sababu. Aje na tarehe, saa alizoingia na kutoka, na orodha ya zamu kama anayo.

Waajiri nao, kabla hatujafika, watazame sehemu moja tu: keshia na mfungashaji wanaosimama tangu asubuhi. Akina Gilbreth walitaka kiti kirefu, kinachomwezesha mtu kufanya kazi ileile akiwa ameketi au amesimama. Seremala wa mtaani anakitengeneza.