Kuigiza Riwaya Si Kugawana Maneno Yake

Hapa Tanga, ukitaja igizo lililotokana na kitabu, watu hudhani kazi ni nyepesi: chukua maneno ya wahusika, wagawie waigizaji, basi. Sivyo.

Tazama Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Mhusika wake, Karama, yuko mashtakani, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Ukimpa mwigizaji maneno hayo yote jinsi yalivyo, atasema peke yake mpaka watu wasinzie. Riwaya ina msimuliaji wa kutuingiza moyoni mwa mtu. Jukwaa lina mwili, sauti na kimya. Kwa hiyo Karama anapoanza kusimulia, wale wanaomsikiliza wainuke wawe wajumbe, khanga itandikwe iwe njia, kisha warudi kuketi kumhukumu. Hayo hayamo kitabuni, lakini yanakitendea haki kitabu. Na kupunguza safari moja au mbili, kwangu mimi, si kumkosea mwandishi.

Dhana hiyohiyo huwafanya watu wadharau maandishi yasiyokusudiwa jukwaa: daftari la madeni la dukani, risiti, barua. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zimechapishwa kitabu kizima. Mwandikaji asimame upande mmoja, mpokeaji akae mkekani upande wa pili. Aifungue bahasha taratibu, asome mstari, anyamaze, airudie, halafu aikunje na kuitia mfukoni. Igizo limeshaanza.