Je, wajua kwa nini asilimia ya gawio, yaani ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, hupanda hata kampuni isipoongeza senti?

Kwa miaka kadhaa nilisoma jedwali la hisa kama ninavyosoma tangazo la akaunti ya muda maalumu benki: hisa hii 6%, ile 14%, basi ya 14% ndiyo inayolipa zaidi. Wengi ninaozungumza nao hapa Moshi wanasoma hivyo hivyo. Tulikosea, na ni kosa linalofaa kulichunguza taratibu.

Kampuni haitangazi asilimia. Inatangaza shilingi: bodi inapendekeza gawio la kiasi fulani kwa kila hisa, mkutano mkuu wa wanahisa unapitisha. Asilimia tunaipiga wenyewe, kwa kugawanya gawio hilo kwa bei ya hisa sokoni. Gawio la 60 kwa bei ya 600 ni 10%. Bei ikianguka hadi 400, gawio lile lile linakuwa 15%. Hakuna aliyelipwa zaidi.

Shangazi yangu wa Kibosho ana ng'ombe wa maziwa, na kwenye msumari wa mlango wa banda ametundika daftari la shule. Asubuhi na jioni anaandika lita, hata mikono ikiwa bado imelowa. Chukulia daftari linaonyesha wastani wa lita 12 kwa siku mwaka jana, na ng'ombe kama huyo anauzwa milioni 2.4. Hizo ni lita 5 kwa kila milioni. Sasa ng'ombe augue kiwele. Mnunuzi anakuja, anapapasa, anakuta upande mmoja mgumu na una joto, anatoa milioni 1.2 tu. Piga hesabu upya kwa daftari lile lile: lita 10 kwa kila milioni! Kwenye karatasi, ng'ombe mgonjwa amekuwa bora mara mbili kuliko alipokuwa mzima.

Daftari halijadanganya, kila lita ilikamuliwa kweli. Ila lita ni za mwaka jana na bei ni ya leo, na habari ya kiwele imefika kwenye bei kabla ya kufika kwenye daftari. Asilimia ya gawio nayo imeundwa hivyo hivyo: juu kuna mwaka uliopita, chini kuna asubuhi ya leo.

Hata hivyo, si kila bei iliyoshuka ina kiwele kigonjwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, bado ni dogo, na zipo hisa zinazopita siku nyingi bila kuuzwa. Muuzaji mmoja mwenye haraka ya ada za watoto anaweza kuisukuma bei chini wakati kampuni iko salama kabisa. Asilimia peke yake haikuonyeshi ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Ndipo historia ya gawio inaposaidia. Chukua Benki ya CRDB, ambayo wanahisa wake wamezoea kukutana kwa jirani zetu Arusha, pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Kwa mwaka 2017 ililipa shilingi 5 kwa hisa, 2018 ikalipa 8, 2019 ikalipa 17, 2020 ikalipa 22, 2021 ikalipa 36, 2022 ikalipa 45, 2023 ikalipa 50, na 2024 ikalipa 65. Mstari huu bei ya soko haiugusi hata kidogo, ndiyo maana mimi huanza nao.

Aliyenunua hisa hizo zilipouzwa kwa umma mwaka 2009, kwa shilingi 150, alipata takriban 3.3% ya mtaji wake kwa gawio la 2017, na 43% kwa gawio la 2024. Jirani yake ukumbini aliyenunua kwa bei ya juu zaidi alipokea 65 zile zile, na kwake asilimia ni ndogo zaidi. Wote wawili wanakatwa 5% ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa kuwa kampuni imeorodheshwa sokoni, hivyo kinachofika mkononi ni 61.75.

Mimi kwenye mstari ule ninaitazama zaidi ile 5. Gawio la mwaka uliotangulia, 2016, lilikuwa 10. Aliyepiga asilimia kabla ya mkutano uliopitisha 5, akitumia 10 ile, alikuwa anahesabu maziwa yaliyokwisha kunywewa.