Si kila homa ni malaria

Mjini Moshi bado ni kawaida mtu aliyepandwa na homa kupitia duka la dawa na kununua dawa mseto ya malaria, akiamini kwamba homa yenye kutetemeka haiwezi kuwa kitu kingine ila malaria. Kwenye maeneo ya joto yenye mbu wengi imani hiyo ina msingi. Kwa mji ulio chini ya Kilimanjaro, ambako maambukizi ya malaria ni madogo, msingi huo ni dhaifu sana.

Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2008 katika hospitali za KCMC na Mawenzi uliwahusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao, 528 walidhaniwa na matabibu kuwa na malaria, lakini ugonjwa huo ulithibitika kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Baadhi ya wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, au magonjwa mengine ya bakteria kama homa ya mgunda (leptospirosis), brusela au homa ya Q, na baadhi ya magonjwa haya hutoka kwa mifugo (si ajabu, mbuzi wakifugwa hatua chache kutoka jikoni).

Hapo ndipo gharama inapojificha. Brusela hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja kwa takriban wiki sita, nayo mseto wa siku tatu hauigusi, hivyo mgonjwa hulipia dawa isiyomfaa, kisha hulipia kitanda. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone la damu ya kidole na dakika chache. Kikionyesha hakuna malaria, swali la kumuuliza tabibu ni nini kingine kipimwe.