Kikomo cha prosesa pepe: kukiongeza maana yake nini?

Chukua QEMU, programu ya kuunda kompyuta pepe, chagua mashine ya aina ya pc-q35-8.0, kisha andika -smp 300, yaani omba prosesa 300. Haiwaki. Utajibiwa kwamba mashine hiyo mwisho wake ni prosesa 288, hata kama seva yako ina mamia ya kori (vitengo halisi vya kuchakata) zilizokaa bure. Ukibadilisha ukaandika pc-q35-8.1, toleo la mwaka 2023, kizuizi hicho hukikuti tena, kwa sababu kikomo kimepanda hadi 1024. Toleo la 9.0 la mwaka 2024 likakifikisha 4096.

Prosesa pepe, ukitumia KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe), ni uzi mmoja tu wa programu unaosubiri zamu yake kwenye kori halisi. Kikomo ni idadi kubwa kabisa ya prosesa hizo ambayo aina fulani ya mashine inakubali kumpa mgeni, yaani mfumo endeshi unaoishi ndani yake.

Kwenye msimbo, kukiongeza ni kubadili namba moja. Kazi yenyewe hufanyika kabla ya hapo. Kila prosesa ina namba ya kuitiwa, na APIC ya zamani, kifaa kinachopeleka ishara kwa prosesa, iliitengea biti 8: kuanzia 0 hadi 255, huku 255 yenyewe ikiwekwa kando kwa ajili ya kuita prosesa zote kwa mpigo. Zinabaki 255. Ndipo ikaja x2APIC, toleo jipya zaidi lenye namba za biti 32.

Hapo wengi hudhani mambo yamekwisha, na ndipo wanapokwama. Kadi ya mtandao bado hutuma ishara zake kwa muundo wa kawaida wenye nafasi ya biti 8 tu za anwani. Prosesa ya 300 ipo na inafanya kazi, ila kwa muundo huo kadi haina njia ya kuiita. Njia ya kawaida ni kuweka katikati IOMMU pepe, kifaa kinachosimamia mawasiliano ya kadi na mashine, ili izielekeze upya ishara hizo; kwenye QEMU huandikwa -device intel-iommu,intremap=on,eim=on.

Kuna pia majedwali ya SMBIOS, yanayomweleza mgeni vifaa vilivyomo kwenye mashine, ambayo katika muundo wa zamani hayawezi kuzidi baiti 65,535. Prosesa zikiwa nyingi na ukipanga kila moja kwenye soketi yake, yanaweza kujaa. Na KVM ina kikomo chake ndani ya keneli (kiini) ya Linux.

Kwa nini basi pc-q35-8.0 isipandishwe nayo? Kwa sababu mgeni anaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine akiwa anaendelea kufanya kazi, na lazima aikute mashine ile ile upande wa pili. Naona ni uamuzi sahihi kabisa.

Kikomo kikubwa hakiongezi kori. Ukigawa prosesa pepe nyingi kuliko kori ulizonazo, mojawapo inaweza kuondolewa kwenye kori ikiwa bado imeshika kufuli (ruhusa ya kugusa data fulani peke yake), na zinazolingojea kufuli hilo zikabaki zinazunguka tu, zikila muda wa kori ambazo mwenye kufuli anazihitaji ili aliachie.