Lishe ya Farasi na Uzito Wake: Maswali na Majibu kwa Wafugaji na Masaisi

Farasi wa Afrika Mashariki ni wachache wakilinganishwa na ng'ombe na punda. Wapo katika uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, katika ranchi za Laikipia, katika vilabu vya polo, na ufuoni Mombasa ambako hubeba watalii juani. Kwa uchache wao huo, duka la vyakula vya mifugo kwa kawaida huwa limejaa bidhaa za ng'ombe na kuku, na saisi, yaani mtunza farasi, aliye mgeni kazini mara nyingi huwa amejifunza ufugaji katika zizi la ng'ombe. Ndiyo maana majibu mengi yaliyo hapa chini yanarejea kwenye kosa moja, nalo ni kumlisha farasi kana kwamba ni ng'ombe.

Farasi na ng'ombe wote hula nyasi. Kwa nini wasilishwe kwa namna moja?

Kwa sababu nyasi hizo huvunjwavunjwa mahali tofauti mwilini mwao. Ng'ombe hucheua, na vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi vimo katika tumbo lake la kwanza, kabla chakula hakijafika utumboni. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo kwa mnyama wa umbo lile, lenye ujazo wa lita 8 hadi 15 tu. Kutoka hapo chakula hupita upesi katika utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 20 hivi, ambamo wanga, protini na mafuta hufyonzwa, na mwishowe nyuzinyuzi hufika katika utumbo mpana, ambako ndiko viliko vijidudu vyake.

Tumbo hilo dogo hutoa asidi mchana na usiku, hata lisipokuwa na kitu, ilhali mate yanayoipunguza makali hutoka farasi anapotafuna tu. Farasi anayepewa chakula asubuhi na jioni, kisha akakaa saa nyingi mbele ya hori tupu, yumo katika hatari ya kupata vidonda vya tumbo hata kama jumla ya chakula chake kwa siku inatosha. Aidha, akipewa nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja, wanga usiowahi kufyonzwa katika utumbo mwembamba humwagika kwenye utumbo mpana, huchachuka kwa kasi, na asidi inayozalishwa huua vijidudu vyenye manufaa na kufungulia sumu njia ya kuingia kwenye damu. Matokeo yake huwa msokoto wa tumbo, au uvimbe wa ndani ya kwato uitwao laminaitisi, ambao humwacha mnyama hawezi hata kusimama kwa raha. Kumbuka pia kwamba farasi hawezi kutapika, alichokimeza hakirudi.

Farasi ale nyasi kiasi gani kwa siku, na uzito wake utajulikanaje bila mizani?

Farasi huhitaji chakula cha uzito wa asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wa mwili wake kila siku, maji yaliyomo katika chakula hicho yakiwa hayahesabiwi, na sehemu kubwa ya chakula hicho iwe nyasi. Farasi wa kazi nyepesi hutosheka na asilimia 2 hivi.

Kuhusu uzito, utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha jibu kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Utapata makadirio ya kilo. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa sentimita 150 atakuwa na kilo 365 hivi. Kwa kuwa hata nyasi zilizokauka vizuri hubaki na maji kidogo, farasi huyo apewe kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, zikiwa zimegawanywa mara nyingi iwezekanavyo, na fungu kubwa liachwe kwa ajili ya usiku. Nyasi zipimwe kwa kilo kwa kuning'iniza robota kwenye mizani ya ndoana, kwa maana robota la muuzaji huyu silo robota la muuzaji yule.

Kwa aina ya nyasi, boma rhodes iliyokatwa kabla haijakomaa mno ni chaguo jema na hupatikana kwa urahisi nchini Kenya. Nyasi zilizokatwa bustanini kwa mashine zisitolewe kamwe, kwa sababu huchachuka zikiwa zimerundikana na farasi huzimeza bila kuzitafuna vya kutosha.

Nitajuaje kama farasi wangu amenenepa au amekonda kupita kiasi?

Jicho peke yake hudanganya, hasa tumbo likiwa limejaa nyasi au manyoya yakiwa marefu, kwa hiyo mikono itumike. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani walichapisha kipimo cha alama 1 hadi 9 ambacho bado kinatumika duniani kote. Mpimaji hupapasa sehemu sita: shingo, kigongo cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Alama 1 ni mifupa mitupu, alama 9 ni mafuta yaliyofanya matuta, na alama 5 ni pale mbavu zisipoonekana kwa macho lakini zinahisiwa kwa urahisi vidole vikipita juu yake. Farasi wengi wanafaa wawe kati ya 4 na 6. Andika alama hiyo pamoja na uzito kila baada ya wiki mbili; mwenye mnyama anayemwona kila siku ndiye wa mwisho kugundua kwamba amebadilika.

Pumba ni za bei nafuu na farasi wanazipenda. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na ni wa polepole, hivyo wengi hawauhusishi na pumba. Mifupa ya farasi huhitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi katika chakula chake, na uwiano mzuri kwa farasi mzima ni kati ya 1 kwa 1 na 2 kwa 1. Pumba za ngano zimegeuza uwiano huo juu chini, kwani zina fosforasi inayokaribia mara 10 ya kalsiamu, na pumba za mahindi nazo zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba. Farasi anayekula pumba kwa wingi kila siku hulazimika kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe ili kulinda kiwango chake katika damu. Baada ya miezi kadhaa huanza kuchechemea, leo mguu huu na kesho ule, meno hulegea, na mifupa ya uso na taya huvimba hadi kichwa kinaonekana kikubwa. Huko Ulaya ugonjwa huu uliwapata farasi wa wasaga nafaka, waliolishwa makapi ya kinu.

Kwetu kuna jambo linaloongeza uzito wa tatizo hili. Baadhi ya nyasi za nchi za joto, zikiwemo nyasi ya kikuyu, setaria na mabingobingo, zina kemikali ya okzaleti inayoikamata kalsiamu ili isifyonzwe. Ng'ombe hudhurika kidogo kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza huivunja kemikali hiyo mapema. Farasi hana kinga hiyo. Kwa hiyo farasi anayechungwa kwenye nyasi ya kikuyu mchana na kupewa ndoo ya pumba jioni anapunguziwa kalsiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja, huku mwenyewe akiamini anamtunza vizuri. Dawa ni kupunguza pumba ziwe kionjo tu, kuchanganya nyasi za aina nyingine kama boma rhodes, na kuongeza lusini, ambayo wengine huiita alfalfa na ambayo ina kalsiamu nyingi, au chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari. Lusini isichukuliwe kuwa sawa na lusina, ule mti wa malisho, ambao una sumu inayomnyonyoa farasi singa za shingoni na mkiani na kuharibu kwato zake.

Je, naweza kumpa chakula cha ng'ombe wa maziwa au cha kuku?

Hapana. Vyakula hivyo huweza kuwa na dawa iitwayo monensini, inayomkinga kuku dhidi ya koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na kumsaidia ng'ombe kutumia chakula vizuri. Kiasi ambacho kuku hakihisi kabisa huharibu misuli ya moyo wa farasi, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Uwezekano wa mchanganyiko upo hata kiwandani na katika mashine ya kusaga ya kijijini, kwa hiyo anayesagiwa chakula cha farasi ahakikishe mashine haijatoka kusaga cha kuku. Lebo isiposema wazi kwamba chakula ni cha farasi, gunia hilo libaki dukani.

Nafaka zitolewe lini, na kwa kipimo gani?

Farasi asiye na kazi nzito anaweza kuishi vizuri kwa nyasi, madini na maji. Nafaka huhitajika kwa wa mbio, wa polo, jike anayenyonyesha na mnyama anayekua. Kipimo salama ni wanga usiozidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili katika mlo mmoja. Mahindi yana wanga wa asilimia 70 hivi, kwa hiyo farasi wa kilo 400 asipewe zaidi ya nusu kilo ya mahindi kwa mlo, kiasi ambacho wengi hukiona cha aibu. Oti, nafaka nyingine, humeng'enywa vizuri zaidi kuliko mahindi. Badiliko lolote la chakula lifanywe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, wala yasipewe farasi kwa hoja kwamba hayafai ugali: mojawapo ya sumukuvu za mahindi huozesha ubongo wa farasi, naye ni mwepesi kuathirika kuliko mifugo mingine mingi.

Maji na chumvi je?

Farasi wa kilo 500 aliyetulia hunywa lita 25 au zaidi kwa siku, na jua la pwani pamoja na kazi huweza kuzidisha kiasi hicho mara dufu. Chumvi ya kawaida gramu 25 hadi 30 kwa siku inamtosha, na anayetoka jasho jingi aongezewe. Maji yakipungua, nyasi kavu hukwama utumboni.

Farasi wangu amenenepa mno. Nimnyime chakula?

Asinyimwe, bali apunguziwe. Ondoa kwanza nafaka, pumba na molasi, kisha shusha nyasi hadi asilimia 1.5 ya uzito wake, ukitumia nyavu zenye matundu madogo ili azile polepole. Kuloweka nyasi kavu kwa saa moja na kumwaga maji yake hupunguza sukari. Kama kwato zake hazina maumivu, mazoezi ya kila siku yaongezwe. Kumshindisha mnyama mnene na njaa ni hatari, kwa sababu mafuta ya mwili huweza kumwagika kwenye damu na kuharibu ini. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa punda, na kwa vile punda hutosheka na chakula kidogo kuliko farasi, wenye punda wa Lamu au Kitui wasivichukue vipimo vya hapa jinsi vilivyo.

Anakula vizuri lakini bado amekonda. Tatizo liko wapi?

Anza na mdomo. Meno ya farasi hutoka milimita 2 hadi 3 kila mwaka na husagika bila usawa, yakiacha ncha kali zinazokata mashavu; farasi anayedondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu anahitaji kusawazishwa meno. Kisha kinyesi kipimwe mayai ya minyoo, ili dawa itolewe kwa sababu inayojulikana. Angalia pia horini: mara nyingi farasi mnyonge hufukuzwa na wenzake, na chakula anachoandikiwa hakimfikii. Haya yakishatatuliwa, lusini na mafuta ya kupikia kidogo huongeza uzito kwa usalama kuliko mahindi.

Nimechukua farasi aliyekuwa amekaa na njaa muda mrefu. Nianzeje kumlisha?

Hapa huruma inaweza kuua. Mwili uliozoea njaa ukipewa wanga ghafla hutoa insulini nyingi, ambayo huvuta fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na moyo huweza kusimama siku chache baada ya mlo mnono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwalisha farasi waliokonda kwa njaa vyakula tofauti na kuona kwamba lusini ndiyo iliyofaa zaidi, kwa kuwa ina wanga kidogo na protini na madini ya kutosha. Siku za mwanzo toa kama nusu kilo ya lusini kila baada ya saa nne, usiku na mchana, maji yakiwepo wakati wote. Ongeza fungu taratibu na upunguze idadi ya milo katika muda wa siku kumi hivi. Nafaka zisiguswe, na dawa ya minyoo isubiri hadi daktari wa mifugo aseme mnyama amepata nguvu za kuistahimili. Kurejea uzito wake wa kawaida huchukua miezi mitatu hadi mitano.