Slaidi zako zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ndo maana watu wanachoka

Mimi kazi yangu ni kuendesha mafunzo, zaidi kwa maafisa ugani huku Dodoma, Bahi, Chamwino, Kongwa mpaka Mpwapwa, na wawezeshaji wanaoanza huwa wananiuliza sana, hivi hizi slaidi zinatusaidia au zinatuharibia watu? Zinasaidia sana, ila zipewe kazi moja tu. Sisi tunazipa mbili, kuonyeshwa ukumbini na kuwa maelezo ya kusoma baadaye.

Angalia tunavyofanya. Mtu anaandaa PowerPoint huku anajua kabisa mwisho wa semina washiriki watasema "tunaomba utume hizo slaidi kwenye grupu", basi anajaza kila kitu ili hata ambaye hakuwepo aelewe, halafu siku yenyewe anasimama mbele anasoma mstari kwa mstari. Watu wanasoma haraka kuliko anavyoongea, wanamaliza, wanashika simu. Na sio utovu wa nidhamu jamani! Mtafiti wa Marekani Richard Mayer ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mtu anaelewa vizuri zaidi akiona picha huku akisikiliza maelezo, kuliko ukimwekea na maandishi ya maneno yaleyale unayoyasema.

Kwenye picha ndo slaidi ina nguvu kweli. Ukifundisha viwavijeshi vamizi, utaeleza mpaka ukauke koo, lakini weka picha moja kubwa inayoonyesha ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia, afisa ugani akienda shambani kesho hawezi kumchanganya na kiwavi mwingine. Grafu ya mvua pia hivyohivyo, na ramani.

Kinachoniumiza ni vile vidoti vya kuorodhesha mambo kwa maneno mawili matatu (bullet points). Nakutana sana na slaidi ya alizeti imeandikwa: mbegu duni, bei ndogo, masoko. Sasa nini kinasababisha nini hapo? Bei ndogo ndo inafanya mkulima ashindwe kununua mbegu bora, au mbegu duni inatoa mafuta kidogo ndo bei inashuka? Ni mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, ila kidoti kinakuruhusu usiseme, na ukumbi mzima unatikisa kichwa.

Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilisambaratika kikirudi duniani, wanaanga 7 wakafa. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wamewaonyesha wakubwa slaidi kuhusu kipande cha povu gumu la kuzuia joto, kilichobanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi kilikuwa kinatuliza moyo, huku chini kabisa, ndani ya vidoti vya vidoti, ndo kuna habari nzito kwamba povu lile lilikadiriwa inchi za ujazo 1920 wakati lililowahi kufanyiwa majaribio lilikuwa 3 tu. Slaidi haikuangusha chombo, lakini tume ya uchunguzi ililaumu wazi tabia ya kutumia slaidi badala ya ripoti ya kitaalamu.

Kwa hiyo mimi naandaa vitu viwili. Karatasi ya kurasa mbili tatu yenye sentensi kamili, zenye "kwa sababu" na "kwa hiyo", hiyo ndo inaenda kwenye grupu, na slaidi chache za picha na grafu ambazo bila mimi hazieleweki, na ndivyo zinavyotakiwa ziwe. Ukianza kuandika karatasi utaona mwenyewe sehemu ambazo hujaelewa mada yako, inauma kidogo lakini afadhali uumie usiku mezani kwako. Kama huna leseni ya PowerPoint tumia LibreOffice Impress, ni bure. Ukitaka watu wakuangalie wewe, ukiwa kwenye PowerPoint slaidi zinaonyeshwa bonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Na umeme haukatiki kijijini tu, hata mjini unakatika, basi ukikatika zile karatasi wagawie watu muendelee.