Malipo ya mtendaji mkuu hupangwa vipi?

Wanahisa wengi wakifungua taarifa ya mwaka ya kampuni hutafuta gawio, kisha huifunga. Ukurasa wa malipo ya wakurugenzi wanauruka, ilhali fedha iliyoandikwa pale imetoka mfuko uleule wa gawio lao.

Kinachoamua malipo hayo kwanza kabisa ni ukubwa wa kampuni. Tafiti za miaka mingi, hasa za Marekani, zinaonyesha kuwa kampuni ikiizidi nyingine mara 10 kwa ukubwa, mtendaji wake hulipwa takriban mara 2. Hoja hiyo ina msingi: uamuzi mbovu kwenye benki yenye matawi nchi nzima unaumiza watu wengi zaidi.

Tatizo liko kwenye ulinganisho. Kamati ya malipo ya bodi huchagua kampuni inazoziona za hadhi yao, ikaangalia wenzao wanalipa kiasi gani. Tuchukulie kampuni 5 zinazolipa shilingi milioni 20, 24, 30, 36 na 45 kwa mwezi. Ile ya 24 haitaki kuonekana dhaifu, inapandisha hadi 36. Mwaka unaofuata kiwango cha katikati si 30 tena, ni 36, na sasa ile ya 30 ndiyo inayoambiwa imebaki nyuma. Malipo yamepanda bila bidhaa hata moja kuuzwa zaidi. Kwa hiyo muulize mwenyekiti wa bodi: hizo kampuni za kulinganishia alizichagua nani?

Ukomo wa kisheria nao una mianya. Mwaka 1993 Marekani ilizuia kampuni kupunguziwa kodi kwa mshahara wa mtendaji unaozidi dola milioni 1, lakini ikaacha nje malipo yanayotegemea ufanisi. Kampuni zikahamia kwenye haki za kununua hisa kwa bei iliyopangwa mapema, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa malipo ya ufanisi, na jumla ikazidi kupaa. Kwenye mashirika ya umma mambo ni tofauti, kwa kuwa mwenye mali ni serikali. Ndiyo maana mwaka 2016 Rais John Magufuli aliweza kutangaza kuwa mkuu wa shirika asilipwe zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi.

Nchini Kenya, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zitoe ripoti ya malipo ya wakurugenzi. Isome kabla ya mkutano mkuu. Tazama bonasi imefungwa kwenye kigezo gani, na kama ililipwa hata mwaka ambao faida ilishuka.